Simu ya Ofisi Imenyamaza: Tafuta Tatizo Kabla ya Kuita Fundi

Mzazi aliye Turkana au Kwale, anayetaka kujua kama karo ya mwanawe imefika, hawezi kuja kuchungulia dirisha la ofisi ya fedha huku Kisumu au Maseno. Anapiga namba iliyo kwenye barua ya kujiunga na chuo. Ikiita mpaka ikatike, au ikimjibu kwamba ofisi imefungwa ilhali ni saa mbili na nusu asubuhi, hatajua kwamba kuna hitilafu. Atajua tu kwamba chuo hakimsikilizi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutoiacha simu mbovu ikae mezani wiki nzima ikisubiri fundi, hasa wiki za kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mwongozo huu nauandikia masekretari, makarani wa masijala, wasimamizi wa hosteli na vijana walio kwenye mafunzo ya kazi katika idara ya TEHAMA. Sehemu kubwa ya matatizo ya simu chuoni hayako ndani ya simu. Ukijua dalili vizuri, mengi utayamaliza mwenyewe, na yaliyobaki utamweleza fundi kwa namna ambayo atakuja akiwa na kifaa kinachofaa mkononi.

Kwanza uliza: ni mimi peke yangu?

“Simu imekufa” ni maneno yanayofika kwenye dawati la msaada kila siku, na hayamwambii fundi chochote. Kabla hujagusa waya, toka mlangoni uulize ofisi ya jirani. Kama ni simu yako tu, tatizo liko kati ya meza yako na soketi ya ukutani, au kwenye usajili wa simu hiyo, yaani kutambuliwa kwake na mtambo wa simu wa chuo. Kama ni ghorofa nzima, tazama kabati la mitambo la ghorofa. Kama ni jengo zima, shuku stima au kebo inayoingia jengoni. Kama ni chuo kizima, ni mtambo wa simu wenyewe au mtandao mkuu. Na kama ofisi za ndani zinapigiana vizuri ila hakuna anayeweza kupiga nje, basi mtambo ni mzima na kasoro iko kwenye laini za kutokea nje, kwa hiyo anayestahili kupigiwa ni kampuni inayokodisha laini hizo.

Mazungumzo mazuri kati ya fundi na ofisi huwa mafupi hivi:

– Madam, hebu inua mkono wa simu. Unasikia nini?

– Sisikii kitu. Kimya kabisa.

– Kioo kinawaka?

– Kinawaka, lakini pale juu panapokaa jina la ofisi hakuna kitu.

– Kompyuta yako umeichomeka nyuma ya simu hiyo?

– Ndiyo, na intaneti inaingia.

– Basi waya ni mzima na simu ina stima. Haijasajiliwa tu kwenye mtambo. Nipe ekstensheni yako, ile namba fupi ya ndani.

Maswali machache tu, na tayari nusu ya sababu zimeondolewa bila mtu kupanda ngazi.

Kioo ni cheusi, hakuna hata taa

Simu nyingi za ofisi siku hizi hazina adapta. Zinapata umeme kupitia kebo ile ile ya mtandao, mpango unaoitwa PoE. Swichi iliyo ndani ya kabati, yaani kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, hupeleka umeme huo, na kwa kiwango cha kawaida cha 802.3af inaweza kutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, ambazo zinaitosha simu ya mezani na kubaki. Kwa hiyo kioo kikiwa cheusi, umeme haufiki.

Anza na kebo. Magurudumu ya kiti huikanyaga, ufagio huivuta, na kile kijino cha plastiki kinachoishika kikivunjika, kebo hukaa kama imeingia kumbe imelegea. Isukume mpaka isikike ikigonga. Kisha geuza simu utazame mgongoni. Kuna matundu mawili: moja ni la kwenda ukutani, lingine la kompyuta. Kebo ya ukutani ikiingizwa kwenye tundu la kompyuta, simu haipati umeme hata kidogo. Kosa hili hutokea kila ofisi inapopakwa rangi au kuhamishwa.

Bado ni nyeusi? Chukua kebo ya simu ya jirani inayofanya kazi uichomeke kwenye yako, hapo hapo mezani kwake. Ikiwaka, simu yako ni nzima na shida ni kebo yako au soketi yako. Isipowaka, simu ndiyo mbovu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kebo, soketi na simu kwa mpigo, hata ikiwaka hutajua kilichokuwa kibovu, na kebo mbovu itarudi kwenye droo kumsumbua mwingine.

Simu ikiwaka kisha ikajizima na kuanza upya kila baada ya muda, pima urefu wa kebo. Mwisho ni mita 100 kutoka swichi hadi kwenye simu, na majengo ya zamani yenye veranda ndefu huvuka urefu huo bila mtu kugundua. Kama urefu si tatizo, panda darini. Panya hupenda ganda la kebo, na kebo iliyotafunwa nusu ni mbaya kuliko iliyokatika kabisa, kwa sababu hufanya kazi asubuhi na kukataa mchana.

Ghorofa nzima imezima kwa pamoja

Stima ikipotea na kurudi, usiharakishe kupiga simu dawati la msaada. Swichi huchukua dakika kadhaa kuamka, kisha simu nazo zinaanza kuamka baada yake. Subiri dakika tano hadi kumi. Lakini kama simu huzimika papo hapo stima inapopotea, na mnajua kuna UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia stima ikipotea) ndani ya kabati, basi betri za UPS zimekwisha. Betri hizi za asidi na risasi kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi mitano, na joto hufupisha umri huo. Katika joto la Kisumu, kabati lililofungwa kwenye chumba kisicho na dirisha ni mahali pabaya sana pa kuweka betri. Taa ya kijani kwenye UPS haithibitishi kitu, maana inawaka kwa stima ya ukutani. Kinachothibitisha ni kuchomoa UPS ukutani, kwa wakati mliokubaliana na fundi, na kuona inabeba mzigo kwa dakika ngapi.

Sasa kuna hitilafu moja ambayo kila kijana wa TEHAMA aijue kwa moyo, kwa sababu inaangusha ghorofa nzima na haiachi alama. Mtu anapanga upya ofisi. Anakuta kebo iliyolala sakafuni, upande mmoja tayari umo ukutani, na kwa nia njema anachomeka upande wa pili kwenye soketi nyingine iliyo wazi. Au anachomeka matundu yote mawili ya simu ukutani. Hapo mtandao umejifunga kitanzi. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote unaanza kuzunguka bila mwisho, unajirudufu, na kwa sekunde chache swichi haina nafasi ya kitu kingine. Ukifungua kabati utaona taa zote za swichi zikimetameta kwa pamoja bila kupumzika. Simu zinapoteza usajili, intaneti inaganda, printa hazionekani.

Swali la kuuliza si la kompyuta hata kidogo: leo nani amehamisha meza? Nenda ofisi hiyo, tafuta kebo iliyoingia ukutani pande zote mbili, ichomoe. Mtandao hurudi wenyewe. Kama hakuna anayekumbuka, chomoa kebo kwenye swichi moja moja huku ukitazama taa. Ile ambayo ukiichomoa taa zinatulia ndiyo inayokwenda kwenye kitanzi. Kisha kinga iwekwe: swichi zinazosimamiwa zina uwezo wa kugundua kitanzi na kufunga tundu husika. Kuiacha kinga hiyo imezimwa kwenye jengo lenye watu mia ni uzembe.

Baada ya radi

Eneo linalozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Huku upande wa mashariki wa ziwa, Kakamega, Vihiga, Kisii na miinuko yake, mawingu hujengeka mchana na kunguruma kuanzia alasiri. Kwa hiyo dalili ya “ilikuwa nzima jana, leo asubuhi imezima, na jioni kulikuwa na radi” ina mshukiwa mmoja.

Radi haihitaji kupiga jengo. Ikipiga karibu, nguvu yake huingia kwenye waya wowote mrefu wa shaba, hasa uliopita hewani kutoka jengo hadi jengo, na kusafiri mpaka kwenye swichi na simu. Ndiyo maana mara nyingi hufa matundu kadhaa ya swichi huku mengine yakibaki hai. Jaribu simu kwenye tundu jingine kabla ya kuihukumu. Ukikuta matundu yaliyokufa, yafunge kwa utepe na kuyaandika, mtu asije akapoteza siku nzima nayo.

Dawa ya kudumu ni kuunganisha majengo kwa nyuzi za kioo badala ya shaba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, na kuhakikisha kila kabati limefungwa waya wa ardhini unaofika ardhini kweli. Waya huo ukaguliwe, kwa maana shaba huibwa. Na wewe uliye mezani: kukinguruma, usizungumze kwa simu yenye waya kama unaweza kungoja. Hilo ni la usalama wako.

Inaita kwa mpigaji, mezani kimya

Hapa ndipo chuo hupoteza watu wengi bila kujua, maana hakuna anayelalamika ndani. Ofisi inadhani hakuna anayepiga.

Tazama kioo. Kuna alama ya kutosumbuliwa? Kuna mshale unaoonyesha simu imeelekezwa kwingine? Sauti ya mlio imeshushwa hadi sufuri? Haya matatu ndiyo sababu ya mara nyingi. La kuelekezwa ndilo baya zaidi: afisa alihamia kampasi nyingine, akaelekeza simu za ofisi ya zamani kwenye namba yake, kisha namba hiyo ikabadilika. Mtambo unaendelea kutii agizo lake. Mtu anapohama ofisi, kuondoa maelekezo ya simu kuwe sehemu ya makabidhiano, sawa na kurudisha funguo.

Halafu kuna saa. Mitambo mingi hupangiwa saa za kazi: ndani ya saa hizo simu inaita mezani, nje yake mpigaji anasomewa tangazo kwamba ofisi imefungwa. Seva, yaani kompyuta inayoendesha mtambo, ikiwekwa kwenye saa za dunia, UTC, badala ya saa za Afrika Mashariki, inabaki nyuma saa tatu kamili. Saa mbili asubuhi, ofisi iko wazi, chai iko mezani, lakini kwa mtambo ni saa kumi na moja alfajiri. Kila anayepiga anaambiwa ofisi imefungwa, mpaka saa tano. Na jioni mnapoondoka saa kumi na moja, simu zinaendelea kuita kwenye vyumba vitupu hadi saa mbili usiku. Ukisikia malalamiko kwamba “asubuhi hampokei kamwe,” tazama saa kwenye kioo cha simu. Ikiwa imepotoka kwa saa tatu, umepata jibu, ingawa kioo kinaweza kuwa sahihi na seva ikapotoka, kwa hiyo fundi athibitishe kwenye seva yenyewe.

Njia bora ya kugundua haya yote ni kupiga namba yako ya ofisi kwa rununu yako mwenyewe, ukiwa nje ya chuo. Sikiliza anachosikia mzazi.

Kioo kinawaka ila simu haijasajiliwa

Chomoa kebo, hesabu hadi kumi, rudisha. Ikisajiliwa, sawa. Isiposajiliwa na kompyuta iliyo nyuma yake ina intaneti, huenda tundu la swichi halijapangiwa njia ya sauti, au nenosiri la ekstensheni limebadilishwa, au simu imehamishwa jengo. Hayo ni ya fundi. Usiingie kwenye menyu ya simu kurejesha mipangilio ya kiwandani. Utafuta hata kile kidogo ambacho kingemwelekeza.

Namba zingine zinapita, zingine hazipiti

Andika namba zenyewe zinazokataa, kisha utazame zinavyoanza. Mwaka 2019 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa namba mpya za rununu zinazoanza na 01, kwa kuwa za 07 zilikuwa zinakwisha. Mitambo iliyopangwa kabla ya hapo iliambiwa kwamba rununu ni 07 tu. Matokeo yake ni ofisi inayoweza kumpigia mwanafunzi wa 0722 lakini ikakatiwa kila inapompigia wa 0110. Wanafunzi wa sasa wengi wana laini za 01, kwa hiyo ofisi ya hosteli huamini kwamba vijana wamezima simu. Dawa ni sheria moja kuongezwa kwenye mpango wa kupiga wa mtambo. Hakikisha pia namba za mezani za miji jirani zinapita: Kisumu 057, Kakamega 056, Nakuru 051.

Kama namba zote za nje zinakataa wakati fulani tu wa siku, na wapigaji wa nje wanasikia bize tangu mwanzo, hesabu laini. Laini kubwa ya aina ya E1 hubeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja. Ukiwa na moja tu, mtu wa 31 atasikia bize hata kama sekretari amekaa bila kazi. Wiki ya kupokea wanafunzi hilo hutokea kila asubuhi, na hakuna fundi atakayelitengeneza kwa bisibisi. Chuo kiongeze laini, au kiigawe kazi: maswali ya malazi kwenye namba moja ya rununu, ya karo kwenye nyingine.

Jambo la dharura nisilipite. Kama chuoni kwenu lazima ubonyeze 9 au 0 kwanza ili kutoka nje, muulize fundi kama 999 na 112 zinapita bila tarakimu hiyo. Mtu aliyeshika simu maabara inawaka moto hatakumbuka. Na kwa kuwa simu hizi hufa pamoja na stima na swichi, namba za rununu za zahanati ya chuo na za ulinzi ziandikwe kwenye karatasi ukutani kila ofisi, kwa herufi kubwa.

Sauti ni mbovu

“Sauti mbovu” ni magonjwa manne tofauti, na kila moja lina chanzo chake.

Sauti inayokatikakatika, maneno yanaruka, kama mzungumzaji anamezwa: pakiti zinapotea au zinachelewa njiani. Simu ya mtandao hukata sauti vipande vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kila kipande lazima kifike kwa wakati. Mazungumzo moja kwa G.711, mfumo wa kawaida wa kugeuza sauti kuwa data, yanahitaji takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kiasi kidogo mno. Kwa hiyo mara nyingi kasi ya intaneti si shida. Shida ni foleni. Video za mchana kutoka maktaba zikijaza laini, sauti nayo inasimama nyuma yake. Swichi na ruta ziambiwe kuitanguliza sauti. Ukiona tatizo huanza saa za chakula na kuisha jioni, umeshapata ushahidi wa kumpa fundi. Kumbuka pia kwamba ucheleweshaji ukivuka milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu huanza kukatizana maneno, kila mmoja akidhani mwenziwe amemaliza.

Upande mmoja unasikia, mwingine hausikii: mara nyingi hii ni faiwoli (kizuizi cha ulinzi wa mtandao) au ruta inayobadilisha anwani, imeruhusu simu iunganishwe lakini imezuia sauti ya kurudi. Huonekana sana kampasi ndogo ya mjini inapozungumza na kampasi kuu. Hakuna unaloweza kufanya mezani, ila jaribu kwanza mkono mwingine wa simu, kwa sababu maikrofoni iliyokufa hutoa dalili ile ile.

Mwangwi, yaani unajisikia mwenyewe: hapa watu hubadilisha simu isiyo na kosa. Mwangwi unaousikia wewe kwa kawaida hutengenezwa upande wa pili. Sauti yako inatoka kwenye spika ya mwenzio, inaingia kwenye maikrofoni yake, inarudi kwako. Mwombe apunguze sauti ya spika au ainue mkono wa simu. Ikiisha, simu yako haina kosa.

Mvumo na mikwaruzo: kwenye laini za zamani za shaba, hizi ni maji. Kama mikwaruzo huja na mvua na kupungua jua likiwaka siku mbili, kuna kiungo cha waya kinacholowa, mara nyingi kwenye kisanduku cha nje kilichopoteza kifuniko. Fungua kisanduku hicho ukiwa na tochi. Utakuta viungo vimeota ukungu wa kijani, na si ajabu sisimizi wamejenga ndani. Kukausha hakutoshi. Kata sehemu iliyooza, unganisha upya kwa viungo vyenye mafuta ya kuzuia maji, kisha funga kisanduku.

Inakatika yenyewe

Tazama saa. Mazungumzo yakikatika kila mara baada ya takriban sekunde 32, mtambo ulituma ujumbe wa kuthibitisha na haukupata jibu, ukakata tamaa kwa mujibu wa kanuni za SIP, lugha ambayo simu za mtandao hutumia kuunganishana. Hilo ni la faiwoli au anwani, na ukimpa fundi namba hiyo atajua aanzie wapi. Yakikatika kila baada ya dakika 15 au 30 kamili, kuna kipima muda kinachodai mazungumzo yahuishwe na upande mmoja haujibu. Yakikatika ovyo, bila muda maalumu, rudi kwenye kebo.

Ujumbe mfupi haufiki, au unafika vipande vipande

Wanafunzi wengi wamezuia ujumbe wa matangazo kwenye laini zao. Tangazo la mtihani likitumwa kwa jina lililosajiliwa kama la matangazo ya biashara, halitawafikia, na wala si kosa lao. Chuo kisajili jina la kutuma taarifa za huduma.

Lingine ni dogo kwa macho lakini linakula pesa. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 ukitumia herufi za kawaida za mfumo wa GSM. Ikiingia hata herufi moja isiyo ya mfumo huo, ujumbe wote unageuzwa na nafasi inashuka hadi 70. Sasa fikiria Kiswahili chetu na majina yetu: ng’ambo, Nyang’au, Ong’era. Ukiandika tangazo kwenye programu ya kuandikia barua, ile alama ya juu katika ng’ hupindwa yenyewe kuwa ya mapambo. Ukilinakili kwenye mfumo wa kutuma ujumbe, tangazo la herufi 150 linakuwa sehemu tatu badala ya moja, na mnalipia tatu kwa kila mwanafunzi. Liandike moja kwa moja kwenye mfumo wa kutuma, au pitia kila ng’ na kurudisha alama iliyonyooka. Angalia pia vistari virefu na alama za kunukuu.

Eduroam inakataa

Eduroam ni huduma ya Wi-Fi inayoshirikiwa na vyuo. Nchini Kenya inasimamiwa na KENET, mtandao wa elimu na utafiti, na raha yake ni kwamba mwanafunzi wa Kakamega anaweza kuingia akiwa mgeni Njoro kwa nenosiri lake la nyumbani. Akisema inafanya kazi kwao tu na inakataa ugenini, ameandika jina bila sehemu ya @ na anwani ya chuo inayoishia ac.ke. Ikiwa inakataa kila mahali, tazama tarehe kwenye simu yake, kwa maana simu yenye tarehe ya mwaka mwingine hukataa cheti cha usalama. Kama amebadilisha nenosiri karibuni, aifute eduroam kwenye simu na kuiweka upya.

Ukifika kwa fundi

Mpe ekstensheni, jengo na chumba, saa hasa tatizo lilipotokea, namba uliyopiga au iliyokupigia, ulichosikia au ulichoona kwenye kioo neno kwa neno, na kama majirani wameathirika. Piga picha kioo ikiwezekana. “Ekstensheni ya masijala, jengo la utawala chumba cha tatu, leo saa nne na dakika kumi, kila namba ya 01 inakatika kabla ya kuita, za 07 zinapita, ofisi ya msajili nayo ni hivyo hivyo” ni ripoti ambayo inaweza kutatuliwa bila fundi kuinuka kitini. Kama simu ilihamishwa chumba wiki hiyo, taja vyumba vyote viwili, cha zamani na kipya.